Kisima cha Watu wa Sawahil

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaopita Ansab, hapa Maskati, na magari yenu, vioo vimefungwa na baridi inapuliza, nawasikia mkisema kwamba zamani huku hapakuwa na kitu. Mjukuu wangu mmoja aliniambia hivyo majuzi tulipokuwa tunavuka wadi, huku kidole chake kikielekeza kwenye kokoto. Nikamwambia asimamishe gari nimwonyeshe. Hakusimamisha, alikuwa na miadi. Basi nnaandika.

Mimi nilikuwa fundi wa pampu za maji. Kabla sijafungua duka langu la vipuri pale Hamriya nilifanya kazi hiyo mashambani, na miaka ninayoikumbuka vizuri zaidi ni ile ya mwanzo. Nilifika Maskati kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mikono yangu ikijua kitu kimoja tu, injini ya dizeli, niliyojifunza kwenye kinu cha mafuta ya nazi. Matrah palikuwa na tajiri wa Kihindi aliyeleta injini na pampu, naye akitafuta watu wa kwenda kuzifunga.

Wakati ule maji ya mashamba mengi yalitolewa na ng'ombe. Juu ya kisima hukaa gurudumu kubwa la mbao, wenyewe wakiliita manjur, na kamba hupita juu yake. Ng'ombe anateremka mteremko wake akivuta, kiriba kinapanda na kujimwaga, kisha ng'ombe anarudi juu kinyumenyume, na gurudumu linalia. Linalia hasa. Mwenye shamba aliyelala nyumbani kwake akilisikia anajua mtu wake yuko kazini. Likinyamaza, anavaa viatu.

Aliyenifundisha kazi ya huku alikuwa Mbulushi mmoja mtu mzima, Ustadh Murad. Kiarabu chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, kwa hivyo tulielewana vizuri sana. Somo lake la kwanza lilikuwa kidole gumba. Ukishika hendeli ya kuwashia injini, gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inaruka, na gumba lililozunguka linavunjika. La kwake lilikuwa limepinda, naye akilionyesha kama mwalimu anavyoonyesha ramani.

Somo la pili sikulielewa upesi. Tukifika shamba jipya, Murad hafungui sanduku la vifaa. Anakaa, analetewa kahawa na tende, anaanza kuuliza. Kabla yenu alichota nani hapa? Kama aliacha, aliacha kwa nini? Maji yalikuwa na ladha gani? Mimi niliona ni mtu anayependa kahawa za bure.

Nilianza kumwelewa tulipofunga pampu Sidab, kwenye kishamba nyuma ya nyumba za wavuvi. Mwenyewe alikuwa akichota kwa ng'ombe asubuhi, jua likianza kuwa kali anaacha, kama alivyofanya baba yake. Murad akamwambia na injini iwe hivyo hivyo, isizidi kazi ya ng'ombe. Tukaondoka. Yule bwana akaipenda injini yake kama mtu anavyopenda mtoto wa uzeeni. Akaalika majirani, halwa ikakatwa, kahawa ikazunguka, na injini ikanguruma mpaka magharibi, maana aliona ni utovu wa adabu kuizima mbele ya wageni. Kesho yake mkewe akapika chai, akaionja, akaitema. Maji matamu yalikuwa yamevutwa yakaisha, na bahari imeingia kisimani. Bwana akaja Matrah na chupa ya ile chai kuwa ushahidi. Murad akainywa kidogo, akafikiri, akasema, "Na sukari pia mmezidisha."

Kisima kile kilikaa muda mrefu bila kuguswa ndipo kikaanza kurudisha utamu. Tangu siku hiyo na mimi nikawa nakaa, nakunywa kahawa, nauliza.

Hapo ndipo nikafika Luwaiba.

Luwaiba ulikuwa mji mdogo wa wadi, mbele ya Ansab ukielekea milimani. Kwa wale waliokulia kwenye lami: wadi ni mto usiokuwa na maji. Mwaka mzima ni njia ya kokoto, watoto wanacheza humo na punda wanapita. Halafu siku moja mto unakuja. Watu hawasemi mvua imenyesha, wanasema wadi imekuja, kama wanavyomsema mgeni. Nyumba za Luwaiba zilipanda mlimani zimebanana, na chini yake, kando ya wadi, palikuwa na uwanja mpana, tambarare, mzuri, usiokuwa na kitu isipokuwa kisima kimoja kilichofukiwa.

Aliyeniita alikuwa Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja na mtu ambaye asili yake ni huko Luwaiba, na mumewe akafa kabla ya mambo kuharibika. Alipokuja huku na watoto wake alifikia kwa shemeji yake, Nasor, binamu wa marehemu, ambaye ujanani aliwahi kuweka duka Pemba na Kiswahili chake kilikuwa bado safi. Nasor alimpokea vizuri. Lakini nyumba ilikuwa ndogo, watoto wa pande zote mbili wakilala kama dagaa, na Bi Zuwena hakuwa mwanamke wa kula kwa watu maisha yake yote. Alitaka chake, na chake kilikuwepo, ule uwanja wa chini. Familia nzima ilikubali kuwa ni fungu la marehemu mumewe. Alikwisha kuchora msingi wa nyumba kwa chokaa, mawe yameletwa, na watoto wameshagombania vyumba. Kilichobaki ni kisima kisafishwe na kufungwa pampu.

Nikakaa na kahawa yangu, nikauliza kwa nini kisima kiliachwa.

"Ile ni mali ya Sawahil, Fundi," Nasor akaniambia. Sawahil ndiyo huko kwetu, Unguja na mwambao wote. "Tangu babu zetu. Kila mirathi ikigawiwa, uwanja ule huwa wa nduguzetu waliokwenda kule. Wenyewe hawapo, nani alime?"

Jibu lilitosha. Bi Zuwena ndiye aliyelipenda zaidi. Akaniambia pembeni kwamba hajapata kuona watu waaminifu kama hawa. "Miaka yote hiyo, Fundi, mali ya mtu asiyekuwepo, na hapana aliyefunga hata mbuzi."

Ni kweli, hapakuwa na hata zizi. Hilo ndilo lililoanza kunikera. Tende za Luwaiba zilianikwa kwenye mistah, kile kiwanja cha kukaushia, nacho kilikuwa juu, kwenye sehemu iliyoinama hivi kwamba wanawake waliegemeza mikeka kwa mawe ili tende zisiporomoke. Chini yao uwanja tambarare, jua kutwa, mtupu. Uaminifu unamzuia mtu kulima shamba la mwenzake. Kuanika mkeka juu yake kwa siku chache nao unamzuia? Nikawatazama watoto wa mji wakicheza. Mpira ukiteremka uwanjani, mmoja anakimbia kuuchukua na wenzake wanamwita arudi upesi. Nikamuuliza mmoja wanaogopa nini. Akasema hawaogopi kitu, ndivyo inavyofanywa.

Nikauliza na wengine. Jirani mmoja akasema kisima kina majini, yanaimba. Mwingine akasema maji yake ni machungu kama subili. Na la Nasor, kwamba wenyewe walisafiri. Majibu yakishakuwa mengi mimi huyaweka kando kando nione lipi linalivunja jingine. Tulipochimba kidogo tukapata maji, nikayaonja: matamu kuliko ya kisima cha Nasor mwenyewe. Basi la uchungu likafa siku ile.

Kazi ya kusafisha kisima ni kushuka kwa kamba kiunoni, unajaza tope kwenye ndoo, wa juu wanavuta. Huku unashuka unalipapasa jengo, maana jiwe lililolegea ni mauti yako. Nilikuwa nimeshapita kina cha kimo changu na zaidi, mkono ukipapasa, nikagusa jiwe moja lililotokeza kidogo kuliko mengine. Lilikuwa laini. Nikapitisha vidole, nikakuta mifereji imelala sambamba, na kila mmoja kidole kinazama ndani yake.

Mtu wa visima anaijua mifereji ile. Ni kamba. Kamba ikipita juu ya jiwe, ndoo juu ndoo chini, baba na mtoto na mjukuu, inalila jiwe. Lakini haili popote. Inakula kinywani tu, pale mchotaji anaposimama na kuinama. Na mimi nilikuwa ndani ya ardhi.

"Fundi, mbona kimya?" Bi Zuwena akaniita kutoka juu. "Umeona nini?"

"Nimeona kinywa."

"Kinywa cha nani?"

"Cha kisima."

"Si hiki nilichokishika mie?"

"Hicho cha juu kimejengwa baadaye. Kuna kingine huku, miguuni pangu."

Nikachungulia mianya baina ya mawe ya ukuta wa juu. Nyuma yake palikuwa na tabaka la kokoto, tabaka la udongo laini, tena kokoto. Usawa wa kile kinywa cha chini nikakuta makaa ya jiko na kigae cha mtungi. Nikapanda, nikamweleza yote, na kigae nikampa mkononi.

Bi Zuwena akakigeuza geuza. Akautazama uwanja, akaitazama ile mistari yake ya chokaa. "Kama watu walisimama huko chini," akasema polepole, "basi na nyumba zao ziko huko."

Sisi wa Unguja mvua tunaijua kwa kutazama juu. Mawingu yakitanda unaanua nguo. Ardhi tambarare karibu na maji kwetu ndiyo ardhi ya kujenga, wala hapana anayekuuliza. Wala Bi Zuwena wala mimi hatukuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kukujia kutoka pembeni, jua linawaka, na mvua yenyewe imenyesha mahali usipopaona.

Aliyekuwa akijua alikuwepo nyumba ile ile. Mama yake Nasor, Bibi Shamsa, hakuwahi kutoka Luwaiba maisha yake. Alikuwa mzee sana, kazi yake kuchambua tende na kusikiliza. Bi Zuwena akamwekea kigae mbele yake. Bibi Shamsa akakitazama, akaacha kuchambua.

Aliyotueleza aliyasikia kwa nyanya yake. Mji wenyewe ulikuwa pale chini, na msikiti wake. Wadi ikaja mchana mweupe. Waliosalia ni waliokuwa wamepanda juu kwa kazi zao. Waliporudi hawakukuta mji, walikuta kokoto, na kisima wakakipata kwa kupapasa. Wakakiinua ukuta, wakachota kidogo, halafu roho zao zikakataa, wakakifukia, na wakakubaliana kutowatajia watoto majina ya waliokwenda na maji. Baada ya kizazi au viwili, pamoja na majina, likasahauliwa na jambo lenyewe. Ikabaki ile desturi tu: huko chini hatushuki.

"Lakini ardhi ni ardhi," Bibi Shamsa akasema. "Kwenye mirathi haiwezi kukosa mwenyewe. Wakaona wapewe walioko Sawahil. Wao hawatakuja kuitumia, haitawadhuru."

"Na tukija, mama?"

"Wa fungu lile hakuna aliyewahi kurudi, binti yangu. Walituma karafuu."

Bi Zuwena alikichukua tena kile kigae. "Basi sisi mlitugaia mto," akasema.

Nasor alikuwa mlangoni. Akaapa kuwa yeye hakujua, kwake ile ilikuwa mali kama mali nyingine. Namwamini mpaka leo, maana uso wake ulikuwa umeparara.

"Najua hukujua, shemegi," Bi Zuwena akamwambia. "Ndo maana nakuuliza mbele ya mama. Nijenge wapi?"

Hapo pakawa pagumu. Juu kila shubiri ilikuwa na mwenyewe. Mahali pekee ambapo nyumba ingeweza kukaa ni mistah, na mistah ilikuwa ya mji mzima. Wazee wakakutana msikitini, Nasor akiwa upande wa shemeji yake, na mmoja wao akasema hawa wa Sawahil wamekuja jana na leo wanataka kutuondolea tende zetu. Wengine wakamtaka Bi Zuwena avumilie kwa shemeji yake mpaka wanawe wakue. Mimi nilikuwa nje na sanduku langu la vifaa, kazi imesimama, na tajiri wa Matrah ameshatuma kuniuliza kama nimeoa huko.

Bi Zuwena akamtuma Nasor maneno haya, na Nasor akayapeleka kama yalivyo: "Tende zishuke, sisi tupande. Wadi ikichukua tende, mwakani mtavuna nyingine. Wanangu sitawavuna tena."

Wazee wakatawanyika bila kukata shauri. Asubuhi iliyofuata, Bibi Shamsa alimtaka mjukuu wake amshike mkono. Akateremka ngazi za mji mpaka mwisho, akautia mguu kwenye uwanja ambao hajapata kuukanyaga tangu azaliwe, akatandika mkeka wake katikati ya mistari ya chokaa, akamwaga tende zake na kukaa hapo juani. Wanawake waliokuwa juu wakamtazama. Mmoja akakunja mkeka wake, akashuka. Kabla ya adhuhuri mistah ilikuwa imehamia chini, na kule juu pamebaki mawe ya kuegemezea tu.

Nikarudi Matrah kumweleza Murad. Akasikiliza mpaka mwisho, akamaliza na kikombe chake. "Umeiona kazi ya kahawa yangu?" akaniuliza.

Ila yeye ndiye aliyetatua lililobaki. Pampu za siku zile zilikuwa zikivuta maji kwa kufyonza, na kufyonza kuna mwisho wake. Huwezi kuiweka pampu mlimani na kisima kiko chini. Ilibidi injini ikae uwanjani, njiani mwa wadi. Murad akaifunga juu ya magogo mawili kama kitanda cha kukokotwa, akaacha kamba ndefu, akasema ikisikika bunduki kutoka milimani, maana watu wa huko hupiga bunduki wakiona wadi inateremka, injini ipandishwe.

Nani ataivuta? Nasor alikuwa na ng'ombe aliyestaafu tangu na yeye aliponunua injini. Kila asubuhi injini ikianza kunguruma, ng'ombe yule aliinuka mwenyewe, akateremka mteremko wake na kurudi kinyumenyume, hana kamba, hana kiriba. Watu wakimcheka. Tukamfunga ile injini ya Bi Zuwena kufanya jaribio, tukamtaka apande. Hakupanda. Maisha yake yote alikuwa akivuta kwa kuteremka, na kupanda kwake ni kurudi nyuma. Tulimbembeleza, Nasor akamtukana kwa lugha mbili. Murad akalitazama manjur la zamani la Nasor, pale ukingoni juu ya uwanja, akapitisha kamba juu ya gurudumu. Ng'ombe akateremka mteremko wake kama ada, gurudumu likalia, na injini ikapanda kipande. Tukatia mawe nyuma ya magogo, ng'ombe akarudi, tukafupisha kamba, akateremka tena.

Wadi ilikuja kabla ya mwaka sabini, majira ya baridi, na mimi nilikuwepo kubadilisha mkanda. Mbingu nyeupe kabisa. Bunduki ikalia, mara moja, kisha tena karibu zaidi. Sikukimbilia chochote, nilisimama nikitazama juu kama mtu wa Unguja, natafuta wingu, mpaka Bi Zuwena akanishika mkono akanivuta. Manjur lililia siku ile kama halijapata kulia. Injini ilipofika ukingoni maji yalikuwa yameshaukata uwanja, ya rangi ya kahawa, yamebeba mitende mizima na mizizi yake. Bi Zuwena alisimama mlangoni mwa nyumba yake, pale palipokuwa mistah, anawahesabu wanawe kwa kuwagusa vichwa. Walikuwepo wote.

Maji yalipopungua tulishuka kukitafuta kisima. Tulikipata kwa kupapasa. Kinywa cha pili nacho kilikuwa ndani ya ardhi, kina cha goti. Tukajenga ukuta wa tatu, tukaweka jiwe jipya juu yake, na injini ikarudi mahali pake.

Nilipokuja tena kuitazama, nilimkuta Bi Zuwena pembeni ya injini inayonguruma, maji yanamwagika mferejini, na yeye ameinama anavuta ndoo kwa mkono, kamba ya mtende inapita juu ya lile jiwe jipya. Nikamtania kuwa nimemletea mashine na yeye anarudi kwa mitungi.

Akaivuta ndoo mpaka juu, akaiweka chini.

"Mashine yako nzuri, Fundi, lakini haiachi alama," akasema. "Atakayekuja kushuka humu baada yetu, ukuta umefukiwa tena, atajuaje kama watu walisimama hapa?"

Maji ya kunywa ya nyumba yake aliyachota kwa kamba kila asubuhi mpaka alipofariki, na sasa anachota bintiye. Mwaka jana nilikwenda, nikashuka zile ngazi na magoti yangu haya. Mjukuu wangu, miadi yako ikiisha nipeleke tena, na safari hii ushuke na wewe. Pampu ya siku hizi ni ya umeme, haina hata sauti, wala usihangaike kuitazama. Inama pale kisimani upande wa mlimani, upitishe kidole juu ya jiwe, polepole. Mfereji bado haujazama sana, lakini ncha ya kidole inakaa.